Ubavu wa Mama Mkwe

Hakuna aliyeijua kanuni ile kuliko Bonaventure, muuguzi wa zahanati ya Baraka: kulia na kushoto ni vya mgonjwa, si vyako wewe unayemtazama. Aliwakaririsha wenzake mpaka wakamchoka. Lakini mkwe ni mkwe. Mama Dorothée, mzazi wa mkewe, alipoletwa alfajiri na homa na figo lililojaa usaha, Bonaventure alikaa nyuma ya pazia, kama adabu inavyotaka. Mkewe Adolphine ndiye aliyempapasa mama yake, kisha akatoka, akasimama mbele ya mumewe, akajishika ubavu.

“Figo imevimba hapa.”

Bonaventure akaandika: kushoto. Lori likamchukua mgonjwa kwenda Fizi, ambako daktari mpasuaji angekuwapo siku hiyo moja tu.

Haikupita saa moja, Adolphine alikuwa uani akimwonyesha jirani mahali mama yake anapoumwa. Alikuwa amempa mumewe mgongo. Mkono wake ulishika ubavu wa kulia.

“We Adolphine! Si ulinionyesha kushoto?”

“Hapana, ni huku huku. Ni we ulikuwa unaniangalia kwa mbele.”

Mungu wangu! Figo zima litatolewa, bovu litabaki, na Mama atakufa kwa mwandiko mzuri wa mkwewe. Bonaventure akarukia baiskeli. Mlima wa Fizi hauna huruma. Mnyororo ukakatika, akaitupa porini, akakimbia huku analia, mtu mzima na ndevu zake. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse damu.

Akaingia chumba cha upasuaji na vumbi lake. Mama Dorothée alikuwa amelazwa kifudifudi chini ya shuka, bado hajachomwa sindano ya usingizi, akipiga kelele kila alipoguswa, kulia na kushoto sawasawa. Visu vilikuwa vimekwisha kupangwa.

“Docteur, ngoja! Iko kuume! Mi nilikosea!”

Daktari akaitazama karatasi, akamtazama yeye. “Asubui kushoto, sasa kuume. Niamini gani? Mushike mwenyewe, unionyeshe.”

Miaka tisa ya ndoa, Bonaventure hakuwahi hata kumtazama mkwewe usoni. Aibu ilimchoma kuliko jua la njiani. Akafunua shuka. Akabonyeza kushoto: palikuwa laini. Akabonyeza kulia: uvimbe mgumu, mkubwa kama ngumi.

“Ni nani?” akauliza Mama.

“Ni mi, Mama. Bonaventure. Unisamehe.”

Mama Dorothée akavuta kitambaa chake cha kichwani, akajifunika uso, mgongo akauacha wazi.