Sauti ya Ikran

Ramla Abdille alikuwa mkuu wa programu ya ujasiriamali katika chuo kikuu kimoja mjini Garissa, na wageni walipomuuliza kama programu hiyo imemfaa mtu yeyote, alijibu kwa kutaja jina moja: Ikran Warsame wa Wajir. Ikran alikuja kwao msichana mkimya wa kukaa safu ya nyuma. Alipomaliza kozi alirudi nyumbani kuuza maziwa ya ngamia, chuo kikampa friza inayotumia sola, na biashara ikashika. Sasa wanawake wengi wa mtaa wake waliuza maziwa kupitia kwake. Picha yake, ameshika kidumu cha maziwa huku akicheka, ndiyo iliyopamba jalada la kijitabu cha programu.

Ramla alimpigia simu karibu kila wiki. Mtandao ukisumbua, walitumiana ujumbe wa sauti. Waliongea juu ya vidumu vinavyovuja, hoteli zinazotaka maziwa kabla jua halijachomoza, ngamia waliopunguza maziwa kwa sababu ya kiangazi. Ramla alikuwa na wahitimu wengi, lakini huyu alimpenda kama mdogo wake.

Mahafali yalipokaribia, Noordin, mhadhiri wa masoko katika programu hiyo, alipendekeza Ikran aalikwe azungumze na wahitimu wapya. Ikran akakataa. Mara ya kwanza alisema ana kazi nyingi, mara ya pili mama yake anaumwa miguu, mara ya tatu akasema tu kwamba yeye si mtu wa kusimama mbele ya watu. Noordin, mtu wa Isiolo ambaye hakuzoea kukataliwa, alisema waende wakamwombe ana kwa ana, kwa kuwa hakuna anayemkatalia mwalimu wake aliyefika mpaka mlangoni. Wakaomba gari la chuo, wakatoka Garissa mara baada ya swala ya alfajiri. Hawakumwarifu. Walitaka kumshangaza.

Walifika Wajir mchana, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope. Kibanda cha Ikran hakikuwapa taabu kukipata, maana Ramla alikijua kutoka kwenye picha alizotumiwa: kuta za mabati ya buluu, paneli za sola juu, vidumu vya njano vimepangwa nje. Mwanamke kijana alikuwa akivisuuza. Alipoona nembo ya chuo kwenye mlango wa gari, aliacha maji yaendelee kumwagika.

"Karibu, mwalimu," alisema.

Sauti ilikuwa ile ile ya kwenye simu. Uso haukuwa wa Ikran.

Ramla alijiambia kwamba huyu lazima ni ndugu wa Ikran, na ndugu wa tumbo moja hufanana sauti. Akamsalimu kwa furaha na kuuliza Ikran yuko wapi. Yule kijana aliwaongoza nyuma ya kibanda, ndani ya ua, akawatandikia mkeka kivulini na kusema ataleta chai. Noordin akamnong'oneza Ramla kwamba pengine Ikran yuko ndani anavaa, wamemkuta hajajiandaa.

Aliyetoka ndani ni mama mzee aliyetembea akishika ukuta. Ramla alisimama, akamsalimu kwa Kisomali kwa heshima zote, akajitambulisha kwamba wao ni walimu wa Ikran kutoka Garissa na wamekuja kumwona. Mama akamjibu polepole, kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mgeni aliyepotea njia.

"Hamkuambiwa, mwanangu? Ikran tulimzika wakati wa mvua."

Noordin hakujua Kisomali. Alikuwa bado anatabasamu, anangoja kutafsiriwa, huku mkononi ameshika bahasha ya mwaliko. Ramla alikaa chini. Alichoweza kusema hatimaye ni "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," na Noordin aliposikia hivyo tabasamu lake lilikauka usoni.

Mvua ile Ramla aliikumbuka. Ilikuwa ya mwaka uliopita. Tangu hapo alikuwa ameongea na Ikran wiki baada ya wiki. Alimshauri, alimtania, mara moja hata alimgombeza kwa kuchelewa kujibu. Sasa mwili ulimsisimka kana kwamba ameguswa na mtu asiyemwona. Aligeuka. Yule kijana alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai.

"Wewe ni nani?" Ramla aliuliza.

"Naimo. Mdogo wake."

Naimo aliweka birika chini akaeleza yote akiwa amesimama, macho yake kwenye mkeka. Siku ile Ikran alipanda pikapu kwenda kuchukua maziwa kwa wafugaji wa upande wa Kutulo. Njiani walikuta laga, mto wa msimu, limejaa maji. Wenye magari mengine walingoja maji yapungue, dereva wao akasema anaijua njia. Maji yaliwachukua. Simu ya Ikran ilibaki nyumbani kwenye chaji, na siku chache baada ya maziko ikalia. Naimo alipokea ili aseme kilichotokea. Kabla hajafungua mdomo, mwalimu alicheka na kusema, Ikran, leo umepokea haraka.

"Nilishindwa kukusahihisha," Naimo alisema. "Hapa nyumbani hakuna aliyeweza kutaja jina lake bila kulia. Wewe ulilitaja kama yuko hai. Nikasema nitakwambia wiki ijayo. Halafu nikaogopa. Friza iko kwa jina lake, na hawa wanawake wote wanaitegemea."

Noordin alipoelezwa yote alipandwa na hasira. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani, kwamba picha ya marehemu iko kwenye jalada, kwamba vijitabu viko mpaka Nairobi, kwamba chuo kizima kimedanganywa na binti mmoja. Ramla alikuwa akiwaza jambo jingine. Safari za Kutulo ziliwahi kujadiliwa. Ikran alimuuliza kama angoje wafugaji walete maziwa mjini au ayafuate huko huko, na Ramla akamwambia mfanyabiashara hangoji, hufuata. Alilisema kwa wepesi, akiwa jikoni kwake anakaanga anjera. Alimwambia Naimo jambo hilo pale pale, hakutaka alisikie siku nyingine kwa njia nyingine. Naimo akasema dereva ndiye aliyeingia majini. Hakusema zaidi, na Ramla hakujua kama amesamehewa.

Ndipo alipokuja Abshir, mjomba wa marehemu, akamwomba Noordin afuatane naye makaburini. Wanawake walibaki uani. Noordin aliondoka bado amekunja uso. Aliporudi suruali yake ilikuwa na mchanga magotini, akaenda kukaa karibu na mama, akamwambia Naimo amtafsirie kwamba anaomba radhi kwa kupaza sauti kwenye nyumba ya msiba.

Mama naye alikuwa na ombi. Alikuwa amegundua siku ile tu kwamba Ikran alikuwa akimtumia mwalimu ujumbe wa sauti, akauliza kama za zamani bado zipo. Ramla akatoa simu. Alizicheza kuanzia za karibuni akirudi nyuma, na yeye mwenyewe hakuweza kutofautisha dada mmoja na mwingine. Mama alisikiliza na kutikisa kichwa. Huyu ni Naimo. Huyu pia ni Naimo. Kisha ikaja moja ambayo msemaji alilalamika kwamba mbuzi wa jirani ameingia kibandani akala boksi zima la majani ya chai. Mama alimshika Ramla mkono.

"Huyu," alisema. "Rudia."

Ramla aliirudia mpaka simu ikaanza kuonya kwamba chaji inaisha. Hakuna aliyelia kwa sauti. Chai ilipoa, na mbele ya kibanda wateja waliitana wenyewe kwa wenyewe wakajihudumia.

Walirudi Garissa na habari hiyo. Kwenye kikao cha walimu wa programu, mhadhiri mmoja alishika mdomo na hakuuachia mpaka mwisho. Abdilatif, mkuu wa kitivo, alipendekeza mambo yaachwe yalivyo mpaka mahafali yapite. Maziwa yanauzwa kweli, alisema, na wanawake wanafaidika kweli. Ramla alimwambia kwamba wamekuwa wakionyesha watu uso wa marehemu akicheka, na mama yake yuko hai. Abdilatif akakubali. Vijitabu vikaondolewa, friza ikaandikishwa kwa jina la Naimo, na siku ya mahafali Ramla alipanda jukwaani akasema ukweli wote, pamoja na ushauri alioutoa yeye. Watoto ukumbini waligeuka kuwatazama wazazi wao. Naimo alialikwa lakini hakuja.

Muhula ulipofungwa, Ramla na Noordin waligawana wahitimu wa miaka yote ili wakamwone kila mmoja kwa macho. Wa kwanza alikuwa Abdihafid, fundi wa simu, anayeishi mtaa wa Iftin, mwendo mfupi kutoka kwenye geti la chuo. Hakuna mwalimu aliyewahi kukanyaga kwake. Abdihafid alifungua mlango akiwa na bisibisi mkononi, akawaona walimu wawili wa programu wamesimama juani, akarudi hatua nyuma.

"Mwalimu," alisema kwa hofu, "nani amefariki?"