Mkono wa Mama Pasi

Mkamwana alidhani shati la mteja linaungua. Alitupa ufagio, akakimbilia barazani, akamkuta mama mkwe wake ameegemeza mkono kwenye pasi ya makaa huku akisalimiana na mpita njia. Shati lilikuwa salama. Aliyekuwa akiungua ni yeye.

"Mama! Mkono!"

Mama Pasi, kama mtaa ulivyomwita, aliutazama mkono ule kana kwamba ni wa jirani. "Ah! Ngozi ya dobi hii, mwanangu. Imeshazoea moto."

"Moto hauzoeleki, mama."

Mkamwana alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Kazi yake ilikuwa kukagua ngozi za watu asiowajua, lakini mkwe ni mkwe. Mkono wake hakuwahi hata kuukazia macho. Leo alipiga moyo konde. Alipomaliza kufunga jeraha, akapandisha mkono wa gauni. Juu ya kiwiko palikuwa na baka lililopauka, kavu, pana kama kiganja cha mtoto. Akasokota pamba ikawa ncha.

"Fumba macho. Nikikugusa, nionyeshe wapi."

Shavuni, akaonyesha. Shingoni, akacheka: "Unanitekenya!" Kwenye baka, kimya. Mara ya pili, kimya.

"Mbona umeacha?" aliuliza Mama Pasi, macho bado kayafumba.

Mkamwana aliiweka pamba chini. "Mama, nahofia ni ukoma."

Mama Pasi alikuwa na shangazi aliyejengewa kibanda nyuma ya nyumba, akawa anasukumiwa chakula kwa fimbo mpaka alipokufa. Akaushusha mkono wa gauni. "Usiripoti. Umeona, basi. Funga mdomo."

"Nikikuficha nitakuwa nimekupenda, au nimekukata vidole? Siku hizi ni vidonge, mama, tena bure. Ukishaanza, huambukizi mtu. Na sisi sote humu tutapimwa, hata huyo mwanao anayejidai chuma."

Mama Pasi aligeukia pasi. Makaa yalikuwa yameanza kufifia.

"Utakula na mimi?"

"Nisipokula na wewe, nani ataniambia chumvi imezidi?"

Kesho yake, daktari wa zahanati alirudia kipimo cha pamba, akapapasa mshipa uliovimba kiwikoni, akathibitisha, akatuma taarifa wilayani. Mama Pasi akameza vidonge vya kwanza mbele yake, kakunja uso.

Habari haina miguu, lakini hukimbia. Mwenye nyumba ya wageni alikuja kuchukua mashuka yake yakiwa bado mabichi. Muuza mkaa akaanza kuvuka barabara kila alipokaribia baraza. Mama Pasi hakujificha. Aliyemuuliza alijibiwa waziwazi: "Ndiyo, ni ukoma. Natibiwa. Na wewe, umejikagua?"

Asubuhi moja muuza mkaa alikuja bila gunia. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Yule mkamwana wako yupo?"

Mama Pasi angeweza kusema mengi. Akaondoa rundo la nguo kitini.

"Marahaba. Anaoga, anatoka sasa hivi. Kaa."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Kisha, taratibu, akaanza kufungua vifungo vya shati, kimoja kimoja.