Chuma cha Kwari

Jumamosi, tarehe kumi na nne Februari 2026, asubuhi iliamka na ukungu mwembamba juu ya vilima vya Mua, kisha jua likaufagia kabla chai haijapoa. Zaituni alimshukuru Mola kwa siku njema ya matembezi, akafunga mahamri kwenye kitambaa. Moyoni alikuwa na dua nyingine: mumewe, Mzee Shaaban, akubali kwenda kwa daktari wa masikio kabla ya Ramadhani, ambayo ilikuwa mlangoni.

Ramadhani iliyopita Shaaban alikula daku huku adhana ya Alfajiri ikisomwa. Akatafuna, akashushia na chai, akauliza mbona muadhini amechelewa leo. Hilo nyumba nzima ililicheka. Lakini juzi bodaboda ilimpigia honi mgongoni pale sokoni, naye akaendelea kutembea katikati ya barabara kama bwana harusi. Hilo Zaituni hakulicheka.

"Niko na masikio mawili, na yote yako kazini," Shaaban alisema kila ilipoguswa habari hiyo. Mwishowe akatoa sharti. "Twendeni kule kwari nilikokata mawe ujanani. Nitayagonga mbele yenu, niseme kwa mlio lipi zima na lipi lina ufa. Nikikosea jiwe moja tu, nipelekeni kwa daktari mnayemtaka."

Ndiyo maana binti yao Ruqaya alikuja na gari kutoka Syokimau, akiwa na mwanawe Ummi, msichana wa miaka minane mwenye maswali mengi kuliko meno.

Kwari ilikuwa imefungwa miaka mingi. Kuta za mawe zilikuwa zimekatwa ngazi ngazi, chini maji ya mvua yametuama yakawa kijani, na kibanda cha karani hakikuwa na paa. Njia ilikuwa tambarare, nzuri hata kwa magoti ya Zaituni. Shaaban alitangulia, mikono nyuma, kama mwenye nyumba anayewaonyesha wapangaji vyumba.

"Babu, ofisi yako ilikuwa wapi?" Ummi aliuliza kwa sauti ya juu, kama alivyozoea kuongea naye.

"Ofisi yangu ni lile shimo. Na ilikuwa na hewa safi kuliko ya mama yako."

Njiani walipita mti wa mgunga uliokuwa na kipande cha reli kilichoning'inia kwa waya. Shaaban akasimama.

"Hiki ndicho chuma. Kikilia, baruti iko karibu kulipuka. Unaangusha nyundo, unaangusha hata uji, unajitupa nyuma ya jiwe. Moshi ukiisha, kila mtu anakuja kukigonga mara moja na kutaja jina lake, msimamizi ajue nani yuko hai. Na asiyesikia chuma..." Akasonga mbele.

Chini ya ukuta walimkuta Mutunga, aliyekata mawe pamoja na Shaaban zamani, sasa akilisha mbuzi wake humo. Wakakumbatiana, wakasukumana mabega.

"Wewe bado uko hai?" Mutunga akapaaza sauti.

"Nani angekufa akuachie mbuzi wote hawa?"

Kisha Shaaban akatoa nyundo yake mfukoni. Jiwe zima, alieleza, hulia kama kengele likigongwa. Lenye ufa ndani hutoa mlio mzito, kama mlango uliolowa. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya jiwe, akagonga kwa mkono wa kulia.

"Zima!"

Ruqaya alisikia kengele, akakubali. La pili: "Lina ufa." Kweli, lilikuwa na ufa. Jingine, na jingine. Shaaban hakukosea hata moja.

"Mama, tumeshindwa," Ruqaya alinong'ona.

Lakini Zaituni alikuwa akikitazama kile kiganja. Kila mara kilitangulia kulalia jiwe, na kila mara Shaaban alifumba macho kama mtu anayepimwa joto. Akaelewa. Alifungua mdomo aseme, akauona uso wa mumewe uliojaa furaha ya kijana, akafunga mdomo tena. *Ya Rabbi,* akaomba, *mwambie Wewe, mimi siwezi.*

Hapo chuma kikalia.

Ilikuwa Ummi. Alikuwa amerudi kwenye mgunga, akaokota jiwe, akakigonga kwa nguvu zake zote. Ruqaya aliziba masikio. Mbuzi wakatimka. Mutunga, pamoja na umri wake, aliruka nyuma ya jiwe, fimbo huku, kofia kule, akalala kifudifudi vumbini.

Shaaban alikuwa amewapa mgongo. "Na hili," aliendelea kwa utulivu, "hili ni zima kama yai."

Aligeuka apongezwe, akawakuta wote wanamtumbulia macho.

"Mutunga! Unatafuta nini huko chini?"

"Chuma kimelia, Shaaban."

"Kimelia lini?"

Ummi alisimama kwa mbali, jiwe bado mkononi. Shaaban akamtazama mtoto, akatazama chuma kinachobembea, kisha akakitazama kiganja chake.

"Mkono unasikia jiwe," akasema polepole. "Chuma haukisikii."

"Wala honi," Zaituni akasema, akimkaribia. "Wala adhana. Ama mwaka huu tukuite kwa kukufinya, Baba Ruqaya?"

Mutunga ndiye aliyecheka kwanza, akikung'uta vumbi, halafu Shaaban mwenyewe, hadi akafuta machozi.

"Mawe sikukosea lakini," alijaribu.

"Lakini ungekuwa umekufa," Mutunga akamwambia. "Njoo utaje jina. Unajua sheria. Neno lililosemwa kwenye chuma halirudi nyuma."

Wakaenda wote hadi kwenye mgunga, na mbuzi wachache wakafuata. Zaituni alimshika mumewe mkono. Shaaban akagonga chuma mara moja, akasimama wima kama mbele ya msimamizi.

"Shaaban, nipo! Na Jumatatu, inshallah, naenda kwa daktari wa masikio."

"Na kifaa cha kusikilizia?" Ummi akapiga kelele. "Ukipewa, hutakificha?"

Shaaban akawatazama mmoja mmoja, akainua nyundo, akagonga tena.

"Na nikipewa kifaa nitakivaa. Hata mkianza kunisema, sitakivua."