Mikono ya Madame Mélanie

Jumanne saa nne asubuhi, katika shule ya uuguzi huko Mususa, Butembo, wanafunzi kumi na wawili waliizunguka tableti iliyoegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Ndani yake alikuwamo Madame Mélanie, mkunga, ameketi nyumbani kwake Beu, Beni. Zamani alikuwa akija Butembo kwa pikipiki, lakini barabara ilipoanza kula watu, shule iliamua afundishe kwa skrini. Somo lilikuwa lile lile: namna ya kumpa pumzi mtoto aliyezaliwa bila kulia.

Shule ilikuwa na mtoto wa plastiki wa mazoezi. Alikaa katika kabati la mkurugenzi, Bwana Siméon, ndani ya mfuko wake, hajafunguliwa. Wageni wakija alitolewa, wakapiga naye picha, akarudishwa.

"Huyu ni wa bageni," Siméon aliwaambia wanafunzi. "Mukimufungula atachakala, na bageni batasema nini?"

Kwa hiyo walifanyia mazoezi mfuko wa maharage uliochorwa macho na mdomo. Mfuko ulivumilia.

Aliyepata shida zaidi ni Kavuo. Kila alipobana mpira wa kusukumia pumzi, hewa ilitorokea pembeni mwa maski. Kesho yake angeanza stage, mazoezi ya kazini, kwenye maternité ya Vuhovi, nyumba ya kujifungulia, ambako mwaka jana mtoto wa dada yake alizaliwa kimya, akazikwa kimya. Kavuo aliogopa, wala hakuficha. Naye Mélanie, kule kwenye skrini, aliviona vidole vyake bila kuweza kuvigusa.

"Kavuo, kidole yako iko mbali," alisema. "Ngoja."

Akanyoosha mikono, na mikono ikatoka kwenye tableti mpaka viwikoni, ikinukia sabuni. Ikavishika vidole vya Kavuo, ikavipanga. Mfuko wa maharage ukavimba vizuri. Précieux, aliyesimama nyuma yake, aliuliza kama naye angefikiwa kabla ya mapumziko.

Ndipo réseau, mtandao wa simu, ikakatika. Skrini ikawa nyeusi, mikono ikabaki mezani.

Walingoja hadi saa nane. Mtu wa pikipiki alikuwa amekwisha kumpigia Kavuo honi mara tatu, basi Kavuo akaifunga mikono ndani ya kitenge, akaondoka nayo. Huko Beni, Bwana Bertrand alimlisha mkewe Mélanie, aliyebaki bila mikono. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kumshikia mtu kijiko, na siku hiyo supu nyingi iliishia shingoni. Vuhovi nako mikono haikukaa bure: Kavuo akimenya viazi, ilimrekebisha kidole gumba.

Jumatano asubuhi Nadège, mkulima wa pale, alijifungua mvulana. Hakulia. Kavuo alimkausha, akamsugua mgongo, akachukua mpira na maski. Mikono ikatoka kwenye kitenge.

Mama Kahongya, mkunga mkuu, aliuliza ni ya nani.

"Ya Madame wa Beni. Réseau ilikatika."

"Imenawa?"

"Imenawa."

Mikono ilikaa juu ya vidole vya Kavuo kwa pumzi tatu. Kisha ikajiondoa, ikajikunja kando ya mizani. Kavuo alitaka kuilaumu, ila hakuwa na nafasi. Alibana peke yake: ya nne, ya tano, ya kumi na mbili. Kifua kilipanda. Mtoto akalia, akaendelea kulia mpaka majirani wakalalamika. Kavuo naye alilia, kwa furaha tupu.

Alhamisi réseau ilirudi, na mikono ikapita kwenye simu ya Kavuo kurudi Beni, kwa kubanana kidogo. Bertrand aliomba iongezewe siku moja, maana alikuwa ameanza kuzoea.

Bwana Siméon aliandika ripoti kwamba mafunzo ya mbali yanatosha kabisa, hivyo hakuna haja ya kumtafutia mwalimu njia salama wala ya kufungua vifaa. Wageni walikuja kupongeza. Nadège alialikwa pamoja na mwanawe, lakini walipiga picha na yule mtoto wa plastiki, kwa sababu alitulia.

Walipoondoka, Kavuo, aliyeitwa naye kutoka Vuhovi, alimbeba yule wa plastiki kumrudisha kabatini. Mbele ya mdomo wake, mfuko ulikuwa umeingia ukungu kwa ndani.

"Directeur," alisema, "iko napumua."

"Najua," alisema Siméon. Akaufuta mfuko kwa nje, akafunga kabati kwa ufunguo.