Babu Menza na Misalaba ya Bwana Pelemu

Mzee Menza hakuwa na ugomvi na mauti. Ugomvi wake ulikuwa na mchwa. Koma ya babake, kile kigingi cha mti anachosimamishiwa marehemu ili watu wake wapate pa kusemea naye, ililiwa mara mbili ikasimamishwa upya mara mbili, na Menza alisema mtu kufa mara moja kwatosha. Basi alipougua aliwaita wanawe akawaonyesha kipande cha shaba alichokichimbua ujanani, siku alizokuwa akitafuta sandarusi, ule utomvu mgumu wa ardhini, huko Malindi. Kilikuwa na mkono huku na mkono huku.

"Nisimamisheni hiki," alisema. "Hata mabega kinayo."

Alipokufa wakamsimamisha. Wakamfunga kitambaa kiunoni, chini ya ile mikono, na kila palipotokea neno la nyumbani, mwanawe mkubwa Dzombo alimmiminia tembo la mnazi akamwambia. Ardhi ikinywa, babu amesikia. Watu wa misheni waliopita hapo walisema ni msalaba. Nyumbani iliitwa Menza.

Miaka ikaenda, mashamba ya Jilore yakachoka, na Dzombo akahamishia mji wake, watu na mifugo, Vitengeni. Koma haihamishwi. Walio hai huhama, wafu hubaki walipopandwa, na mwenye haja nao huwafuata. Kuhama si kutupa. Hilo mtoto wa Kigiriama hulijua kabla hajang'oka meno ya utotoni.

Haja ilikuja na Kanze, bintiye Dzombo. Alikuwa amechumbiwa na Thoya wa Ganze, tembo la mahari limeshanywewa, mbuzi wameshazoea zizi jipya. Lilibaki jambo moja: babu aambiwe. Binti hatoki mlangoni kabla babu yake hajaambiwa, maana si vizuri mzee asikie habari za nyumbani kwake kwa watu wa njiani. Kanze hakumwambia mtu kwamba anamtaka Thoya. Lakini siku hizo alikuwa akiamka bila kuitwa, na shangazi yake Kache ana macho.

Wakaenda Jilore: Dzombo na kibuyu cha tembo, Kache na kata ya kumiminia, Kanze nyuma. Koma za mti walizikuta zimeinama mahali pake. Katikati palikuwa na shimo. Kando ya shimo kile kitambaa cha kiunoni kilikuwa kimekunjwa vizuri, kikawekewa jiwe kisipeperuke.

"Mwizi," akasema Dzombo.

"Lakini amelelewa," akasema Kache.

Habari zilifika Ganze kabla yao kufika nyumbani. Watu wa Thoya walituma salamu za pole. Walisema wanaelewa, ila mvua ziko karibu na shamba lataka mikono. Mvua zikianza babu hajaonekana, watabisha mlango mwingine hapo hapo Ganze, kwa binti ambaye babu yake hana tabia ya kutembea.

Kanze aliacha kuamka bila kuitwa.

Aliyewafumbua macho alikuwa Valimohamed, mwenye duka Malindi, walipokwenda kuulizia mjini. "Shaba? Ya mikono miwili?" aliuliza, akipima chumvi. "Mwulizeni Bwana Pelemu, yule Mzungu wa nyumba nyeupe. Yeye anakusanya misalaba ya kale. Juzi alikuja kwangu kuchukua msumari. Alikuwa amefurahi kama aliyepata mtoto."

Bwana Pelemu alikuwa mrefu, mpole, na Kiswahili chake alikipata vitabuni. Kila neno alilitua chini taratibu kama mtu apangaye vyombo. Aliwakaribisha ndani. Ukuta mzima ulikuwa misalaba.

"Mmeniletea msalaba?" aliuliza, uso umemng'aa.

"Tumekuja kumwona baba," Dzombo akajibu.

"Baba yupi?"

"Huyo wa tatu kutoka dirishani."

Bwana Pelemu akageuka, akatazama, akageuka tena. "Huu ni wa Wareno," alisema. "Tazameni ncha zake zilivyopanuka kama jani. Umri wake ni miaka mia tatu na zaidi."

Dzombo akafikiri kwa haki. "Alikuwa mtu mzima," alisema, "lakini si kiasi hicho."

"Niliukuta mahameni. Hapakuwa na mtu. Mji ulikuwa umeachwa."

Kache alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyosha. "Bwana, mamako yu hai?"

"La. Alifariki. Amezikwa kwetu, Ulaya."

"Ulipokuja huku ulimbeba?"

"Hapana."

"Basi nasi hatukumbeba," Kache akasema. "Sasa mtu akipita huko kwenu, akaona hapana mtu, akamtundika mamako ukutani, wewe utamwambiaje?"

Bwana Pelemu alitafuta neno katika vitabu vyote alivyovisoma. Halikuwamo. Mwishowe alisema kwamba msalaba hawezi kuutoa, ni adimu mno, lakini kama wana la kusema nao, waseme hapo hapo, yeye hana pingamizi.

Dzombo alimtazama Kanze. Kanze aliitazama mikono yake. Nje mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa bara.

"Haya," Dzombo akasema, akafungua kibuyu. "Ila mwenye nyumba huonja kwanza, wageni wajue hapana baya."

Bwana Pelemu hakuwa mnywaji. Alionja, akakohoa, akasema asante.

"Na hawa wengine ni nani?" Dzombo aliuliza, akiuonyesha ukuta kwa kidevu.

"Huu ni wa Habeshi. Ule wa Goa. Ule mdogo sijaujua bado."

"Watu wao wanajua kama wako hapa?"

"Sidhani."

Dzombo alitikisa kichwa. Mtu hampi babake kinywaji wazee wengine wakitazama. Akaanza na wa Habeshi, tone moja, akaomba radhi kwa kutojua jina lake. Akamfuata wa Goa. Yule mdogo asiyejulikana alipewa mawili, kwa huruma. Kisha akasimama mbele ya Menza, akamwaga.

Tembo likateremka ukutani, likafika kwenye sakafu ya chokaa, likatulia. Wakangoja. Likatambaa polepole mpaka chini ya kiti cha Bwana Pelemu, likakaa hapo, jeupe, halipungui.

Dzombo aliishusha kata. "Hajanywa," alisema. "Harusi hakuna."

Hata Kache alikunja miguu. Ndipo Kanze, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akasema:

"Baba, yeye hakukataa. Sakafu ndiyo isiyokunywa." Akamgeukia Mzungu. "Bwana, wewe umempa ukuta. Mpe na ardhi. Hataki kubwa, ya kusimama mtu mmoja."

Bwana Pelemu alilitazama dimbwi chini ya kiti chake. Akamtazama yule binti. Akautungua msalaba kwa mikono miwili. "Kwa leo tu," alisema.

Dzombo hakusema leo wala kesho. Walipofika uani, karibu na mpapai, alimpa Mzungu jembe lililokuwa hapo. "Aliyeng'oa ndiye apandaye."

Bwana Pelemu akachimba, akapanda, akashindilia udongo kwa kiatu. Kache akatoa kile kitambaa cha kiunoni akakifunga mahali pake. Kisha Dzombo akachutama.

"Baba, huyu ni Kanze. Anakwenda Ganze kwa Thoya. Tumechelewa kukuambia kwa sababu hukuwapo. Na huyu mrefu ndiye aliyekupanda. Ukiwa na haja, yeye ndiye aliye karibu."

Akamwaga. Ardhi ikanywa kabla hajamaliza. Kanze aliona akaachia pumzi, na shangazi yake akajifanya hakusikia.

"Sasa," akauliza Bwana Pelemu, akijipangusa mikono, "nitauchukua lini?"

"Wakati wowote, mwanangu," Kache akasema. "Lakini ukimng'oa mara ya pili, utamweleza mwenyewe. Na yeye hajui Kiswahili. Ni Kigiriama tu."

Bwana Pelemu hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo, na alimwambia hivyo mpishi wake. Asubuhi alikwenda uani na jembe. Akasimama kitambo. Akarudi na jembe.

Kanze aliolewa, na mvua zikamkuta shambani Ganze.

Mwaka uliofuata alishuka Malindi na mtoto mgongoni, maana mtoto naye ni habari. Kule ndani, misalaba ilikuwa bado ukutani. Uani, Babu Menza alikuwa amefungwa kitambaa kipya, fundo limekazwa kwa uangalifu wa mtu asiyezoea mafundo. Bwana Pelemu alitoka na kata yake mwenyewe.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Kitsao. Jina la upande wa babake."

Bwana Pelemu akachutama karibu na mpapai, akamwambia Menza jambo hilo lote kwa Kigiriama kibovu, hakuruka kitu. Kabla ya kumwaga, alionja.

Hakukohoa.