Uso wa Ng'ambo ya Bonde

Katika studio ya Tecla pale Nyakanazi hapakuwa na kitu alichokipenda kuliko lenzi yake ya kuvuta. Ilikuwa kuukuu, ndefu kama chupa ya chai. Aliinunua Ngara mjini kwa mgeni aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Madereva wa malori waliokuja kupiga picha za leseni waliishangaa, naye akawatania, "Hii ukiivuta mpaka mwisho unaona hadi Burundi." Utani ule ulienea, na wateja wakaongezeka.

Alichowaficha ni udhaifu wake. Ukivuta nusu, hata robo tatu, ilikupa kope za bibi harusi moja moja. Ukivuta mpaka mwisho, picha ililegea. Kingo zilififia, rangi zikapauka, na uso wa mtu ukawa kama unaonekana kupitia kioo chenye mvuke. Akibana tundu la lenzi na kuifunga kamera kwenye stendi ilipona kidogo, tena jua liwe kali. Kwa hiyo harusini Tecla hakuvuta mpaka mwisho. Alisogea kwa miguu.

Jumapili moja ya mwezi wa nne aliitwa kijijini Kaniha kupiga picha za kipaimara. Saa kumi jioni, akisubiri chakula, aliona korongo wawili wakitua bondeni. Akavuta mpaka mwisho, akapiga. Usiku akaiweka picha kwenye status ya simu yake watu waione: korongo wa Kaniha. Hakujali kilichokuwa nyuma yao, ng'ambo ya bonde: ng'ombe sita ndani ya mahindi, na mwanamume mrefu mwenye kofia na koti la bluu.

Mwenye mahindi alijali. Mzee Pancras aliikuza picha ile kwenye simu ya binti yake, akatazama mara moja tu, akasema, "Shibuda."

Shibuda alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga miaka tisa iliyopita. Alikuwa mrefu, ana ng'ombe, na ana koti la bluu. Kufika Jumanne picha ilikuwa kwenye simu za kitongoji kizima. Mke wake, Nshoma, alipopeleka debe la mahindi kwenye mashine ya kusaga aliambiwa mashine mbovu, na huku anaisikia ikinguruma ndani.

Jumatano mtendaji wa kijiji, mama mmoja aitwaye Priscila, alimpigia Tecla simu. "Dada, Shibuda anadaiwa kulisha ng'ombe mahindi ya Mzee Pancras, na picha yako ndiyo shahidi wetu. Njoo barazani Ijumaa, na kamera yako."

Mwanzoni Tecla alijisikia mkubwa. Alhamisi akaifungua picha kwenye kompyuta, akaikuza, na ule ukubwa ukamtoka wote. Chini ya kofia palikuwa na doa la kahawia. Halikuwa na macho wala mdomo. Mtu yule angeweza kuwa Shibuda, na angeweza kuwa mtu mwingine yeyote mrefu. Akakaa mbele ya doa lile muda mrefu. Akisimama barazani na kusema lenzi yake haioni mbali, nani atampa harusi tena? Na akinyamaza?

Ijumaa alifika Kaniha mapema, akapita kwanza shambani kwa Mzee Pancras.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone."

Mahindi yaliyokuwa yamefika kiunoni yalikuwa yamebaki visiki na alama za kwato. Mzee aliinama, akaokota bua lililotafunwa, akaligeuza mkononi. Mke wake alikufa mwaka uliopita. Shamba lile alilima peke yake, kwa jembe la mkono. Tecla akatamani picha yake ingekuwa safi, imsaidie mzee huyu.

Baraza lilifanyika darasani. Shibuda alikaa benchi la mbele, mikono magotini. "Jumapili nilikuwa Nyakanazi kununua dawa ya kupe," alisema. "Ng'ombe wangu walikuwa zizini." Wote walimgeukia Tecla.

"Mpiga picha," Priscila alisema, "mtu huyu unamtambua?"

Tecla alisimama. "Simtambui. Na naomba mnisikilize. Lenzi hii ni ya zamani. Ikivutwa mpaka mwisho haitoi sura ya mtu. Nilikuwa najisifu tu."

Minong'ono ikaanza. Mtu akaguna kwamba kumbe hata shahidi amenunuliwa. Mzee Pancras aliinuka. "Mimi nimemwona kwa macho yangu! Kwenye picha yako mwenyewe!"

"Baba, basi tujaribu. Leo hii, saa ile ile, mahali pale pale."

Priscila alikubali. Shibuda, mwenyekiti wa kijiji Juvenali, na Abeli fundi baiskeli, wote watu warefu, walitumwa ng'ambo ya bonde. Walipewa kofia moja na lile koti la bluu la Shibuda wapokezane nyuma ya kichaka, kila mmoja ajitokeze kwa zamu wanayoijua wao tu. Tecla alisimama pale pale aliposimama Jumapili, akavuta mpaka mwisho, akapiga tatu. Kisha picha zikawekwa kwenye kompyuta ya ofisi, na Mzee Pancras akapewa kiti.

Alitazama ya kwanza, akatikisa kichwa. Ya pili ilipotokea, kidole chake kilienda bila kusita. "Huyu. Huyu ndiye Shibuda. Ile mikono ni yake."

Wale watatu waliporudi wakihema, Priscila aliwauliza nani alisimama wa pili.

"Mimi," alisema mwenyekiti Juvenali.

Mzee Pancras alibaki ameitazama picha, mdomo wazi kidogo, kisha akavua kofia yake, akaiweka mapajani. Shibuda alitazama sakafu. Tecla alidhani angeona furaha usoni mwake. Aliona uchovu tu.

"Sasa ni nani?" Mzee Pancras alimuuliza Tecla, kwa sauti ndogo kama vile wako wawili tu. "Nani amenilia mahindi, mwanangu?"

"Sijui, baba. Picha haijui."

Baraza likafungwa bila mkosaji. Lakini watu hawakuondoka haraka. Shibuda ndiye aliyetangulia kusema. "Mzee, wangu sio waliokula. Lakini mvua bado ipo. Jumatatu nitaleta plau na maksai wawili. Tulime, uwahi maharage."

Mzee Pancras aliichukua kofia yake mapajani, akaivaa. "Njoo asubuhi," akasema. "Mapema."

Tecla aliifuta picha ya korongo mbele ya watu wote, ingawa alijua simu nyingi bado zinayo. Kisha akaongozana na Nshoma hadi mashineni na debe lake. Alimsalimia mwenye mashine, akamwonyesha picha tatu za jioni ile kwenye kamera, akamtaka amwonyeshe Shibuda. Yule bwana alizitazama, akarudia, akachagua Abeli. Alipoambiwa amekosea, alijikuna shingo, akalipokea lile debe kutoka kwa Nshoma na kulimimina mwenyewe.

Wiki iliyofuata harusi mbili zilimpita Tecla. Walisema wamesikia kamera yake haioni. Ya tatu ilikuja, baba wa bibi harusi akauliza moja kwa moja kama lenzi yake ni nzuri.

"Kwa karibu ni nzuri sana," Tecla alimjibu. "Mniache tu nisimame karibu."