Mchango wa Kitindamimba

Watu hudhani kitu cha bure hakina mwenyewe. Thubutu! Kuna mfumo mmoja wa bure wa kompyuta uliojengwa na watu wa kujitolea wa kila pembe ya dunia, wasiolipwa hata senti, lakini jaribu kuingiza mstari mmoja wa programu ya hovyo uone watakavyokuja juu. Kila sehemu ilikuwa na mlinzi wake, wa kusema mchango huu uingie, huu urudi ulikotoka. Sehemu ya feni, zile zinazopoza kompyuta, mlinzi wake alikuwa Dada.

Mchana huo alikaa sebuleni, mchango mmoja ukimsubiri kwenye kioo cha kompyuta. Ulikuwa wa mdogo wake, kitindamimba, aliyeutuma wiki ileile aliyogongwa na gari. Mama yao alikuwa akilalamika kwamba kompyuta kuukuu ya pale nyumbani inavuma mpaka redio haisikiki. Kijana akajifungia chumbani, akatoka na programu ya kuituliza feni. Na kweli ilitulia.

Balaa ni kwamba kwenye kompyuta za wenzao waliojitolea kuijaribu ilitulia kupita kiasi. Feni ilizimika kabisa, mashine ikachemka, ya bwana mmoja ikaungua. Dada alijaribu kuirekebisha mwenyewe akagonga mwamba. Aliyejua alichokusudia alikuwa kaburini.

Mlinzi mwenzake, waliyembandika jina la Hapiti Mtu kwa ugumu wake, safari hii alilainika. Akamwandikia: "Dada, pitisha tu. Mimi sijaona kitu."

Dada alijua hapo ndipo mtu hulia, lakini machozi hayakuja. Tangu mazishi alikuwa kama aliyeingia ganzi mwili mzima. Akafikiria mashine za watu asiowajua zikichemka mezani kwao. Feni ni feni bwana, haijui msiba. Akabonyeza pa kukataa.

Chumba cha pili simu ikalia. Mama akatoka nayo mbiombio. Ilikuwa simu ya marehemu. Aliichaji kila siku, maana jibu alilokuwa akilisubiri mwanawe, sasa alilisubiri yeye.

"Mwanangu, nisomee. Ni wale watu wa kompyuta?"

"Ndio, mama."

"Wameikubali kazi yake?"

"Imekataliwa."

Mama akakaa kitini taratibu. "Nani kaikataa?"

Walinzi walikuwa wengi, na mama hamjui hata mmoja. Dada angeweza kumsingizia yeyote.

"Mimi, mama. Inaunguza kompyuta za watu."

Mama aliitazama simu, akamtazama binti yake. Hakugomba.

"Basi mwandikie alipokosea," alisema. "Yeye huwa hakasiriki akielekezwa."

Dada akavuta kibodi, akaanza kumweleza mdogo wake makosa yake, moja baada ya jingine, kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha mchangiaji yeyote. Alipomaliza akatuma.

Simu ikaita mkononi mwa mama.

"Imefika," akasema mama.